Kituo cha Yatima cha Misheni ya Bagamoyo na Watoto Waliokijenga

Kaskazini kidogo ya mji mkongwe wa Bagamoyo, mkoani Pwani, lipo eneo la Misheni Katoliki lililokuwa na kituo cha yatima na shule kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1868 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa wakiongozwa na Padre Antoine Horner.

Chimbuko lake ni Zanzibar, ambako wamisionari kutoka kisiwa cha Réunion walianza kuwalea watoto wa namna hiyo mwaka 1860. Miongoni mwao alikuwa Swema, binti wa Kiyao ambaye mama yake aliachwa njiani kwa kuwa alishindwa kuendelea na msafara. Swema mwenyewe alifikishwa Zanzibar akiwa mahututi, akafukiwa katika kaburi la kina kifupi kabla hajakata roho, kisha akaokolewa na mpita njia aliyesikia akilia. Simulizi yake ilichapishwa Ufaransa mwaka 1870.

Watoto wa Bagamoyo walinunuliwa sokoni na wamisionari, au walikabidhiwa kwao baada ya majahazi ya watumwa kukamatwa baharini. Waliitwa yatima, ingawa wengi wao walitenganishwa na wazazi kwa utumwa wala si kwa kifo.

Wavulana walisoma na kujifunza useremala, uhunzi, uashi na kilimo. Wasichana walilelewa na masista. Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1871, aliandika habari za bendi ya matarumbeta ya wavulana wa kituo hicho. Kimbunga cha Aprili 1872 kilipobomoa majengo, kazi ya kuyainua upya iliwaangukia pia watoto na vijana hao.

Waliofikia umri wa kuoa na kuolewa walihamishiwa Kijiji cha Mtakatifu Yosefu, ambako kila familia ilipewa nyumba na shamba. Hata hivyo, uhuru huo ulikuwa na mipaka. Wanakijiji walitakiwa kufanya kazi katika mashamba ya misheni kwa siku kadhaa kila wiki, na mienendo yao ilisimamiwa na mapadre. Baadhi yao walitoroka.

Kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873 hakukukomesha biashara hiyo mara moja, na watoto waliendelea kupokelewa. Kuanzia mwaka 1877 familia zilizotoka Bagamoyo zilipelekwa bara kuanzisha vituo vipya, kikiwamo cha Mhonda, na baadaye Morogoro. Hivyo, waliochukuliwa bara wakiwa watumwa walirejea huko wakiwa waanzilishi wa jumuiya za Kikristo.

Mnara wa kanisa la kale, ambamo mwili wa David Livingstone ulihifadhiwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar, ungali umesimama. Nyumba ya masista iliyojengwa mwaka 1876 sasa ni makumbusho, na tangu mwaka 2006 Bagamoyo ni sehemu ya Njia Kuu ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu iliyomo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Majina ya mapadre waanzilishi yanafahamika. Ya watoto waliochanganya chokaa na kubeba mawe hayajulikani kwa wengi, lakini kuta hizo ni kazi ya mikono yao.