Hukumu kwa Kiingereza, Jibu kwa Kiswahili: Siku ya 20 Septemba 2017 Mbele ya Runinga

Tarehe 20 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisoma kwa ukamilifu sababu zake za kubatilisha uchaguzi wa rais uliofanyika tarehe 8 Agosti. Uamuzi wenyewe ulikuwa umetolewa kwa ufupi tarehe 1 Septemba. Siku hii ya pili ilikuwa siku ya hoja. Usomaji ulianza asubuhi, ukaendelea hadi usiku, nazo runinga zikaurusha moja kwa moja. Mwandishi wa makala haya aliutazama katika hoteli ya chai mtaani Majengo, Mombasa, akiwa na daftari mkononi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba historia ya hukumu ile haiwezi kuandikwa kwa kutegemea kumbukumbu za mahakama peke yake. Mahakama ilinena kwa lugha moja, umma ukajadili kwa nyingine, na aliyesimama katikati hakuwa afisa wa taasisi yoyote ya dola.

Katika hoteli ile aliyesimama katikati alikuwa mwalimu mstaafu. Hakuna aliyemteua. Sauti ya runinga ilipandishwa, mpishi akauliza, “Mwalimu, wanasemaje?”, naye akaanza ukalimani ambao wataalamu hulipwa kuufanya kwa zamu, nusu saa kwa nusu saa. Yeye aliufanya peke yake kwa saa nyingi, akilipwa chai.

Sehemu iliyofika salama zaidi ni ile ambayo majaji walio wengi walifananisha uchaguzi na hesabu: mwanafunzi hufikia jibu kwa kupitia njia ya ukokotozi, na njia hiyo ndiyo ithibati ya jibu. Mwalimu hakuhitaji kutafuta maneno. “Wanasema jibu halitoshi, uonyeshe njia.” Kijana wa bodaboda akadakia, “Kwa hiyo walinakili?” Mwalimu akamkatiza: “Hawakusema hivyo. Wamesema njia haionekani.” Katika mabishano hayo mafupi mmehifadhiwa kiini cha hukumu kwa usahihi kuliko katika taarifa nyingi zilizochapishwa kesho yake.

Kwingineko mambo hayakwenda vizuri hivyo. Mahakama ilitenganisha kwa makini uvunjaji wa sheria na ukiukaji wa utaratibu, kwa maneno mawili ya Kiingereza yanayokaribiana kwa sauti lakini yenye uzito tofauti. Hotelini yote mawili yalianza kuwa “makosa”, na kabla ya adhuhuri yalikuwa yamekwisha kuwa “wizi”. Aidha, mahakama ilikuwa imetamka tangu tarehe 1 Septemba kwamba haikupata ushahidi wa mwenendo mbaya dhidi ya Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe. Lawama iliielekezea tume ya uchaguzi. Tamko hilo halikusikika hata mara moja katika mazungumzo niliyoyanakili. Simlaumu mwalimu. Istilahi ambayo haijawahi kutumiwa hadharani haiwezi kuzaliwa papo hapo, kikombe kikiwa mkononi.

Chanzo cha hali hii ni cha zamani. Mnamo Julai 1974 Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike katika mijadala ya Bunge. Miswada ikabaki kuandikwa kwa Kiingereza. Mgawanyo huo, mdomo kwa Kiswahili na karatasi kwa Kiingereza, haukuvunjwa na Katiba ya 2010, ingawa ibara yake ya 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kiliamuru kwamba lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa iwe Kiingereza, mahakama za chini zikiruhusiwa mojawapo ya lugha hizo mbili. Yaani kadiri shauri linavyopanda ngazi, ndivyo lugha ya taifa inavyoshuka. Mahakama ya Juu, iliyoundwa na Katiba hiyo ya 2010, ilirithi desturi hiyo.

Wanasiasa hawakuirithi. Tarehe 1 Septemba, baada ya kulihutubia taifa na kusema kwamba hakubaliani na uamuzi lakini anauheshimu, Rais Kenyatta alikwenda soko la Burma, Nairobi, na huko akawaita Jaji Mkuu David Maraga na wenzake “wakora”. Neno hilo halikuhitaji mkalimani. Siku 19 baadaye, hoja za majaji zikiwa ndiyo kwanza zinasomwa, nililisikia Majengo likitumiwa na wanaomuunga mkono rais na likidhihakiwa na wanaompinga. Lilikuwa limefika kabla ya hukumu, na kwa lugha ambayo hukumu haikuwa nayo.

Wasomaji wa upande wa Tanzania huenda wakaona kwamba tatizo hili si lao. Ni kweli kwamba Bunge la Dodoma hujadili kwa Kiswahili, na kwamba marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hata hivyo, Januari 2016 Waziri Nape Nnauye alilitangazia Bunge kwamba shirika la utangazaji la umma lingeacha kurusha vikao vyote moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Wabunge wa upinzani walipinga hadi polisi wakaingia ukumbini. Tena, Katiba ya Tanzania, ibara ya 41(7), inazuia mahakama kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa, kwa hiyo hukumu kama ile ya Nairobi isingeweza kusomwa Dar es Salaam kwa lugha yoyote. Kwa wakati ule, jirani mmoja alikuwa na matangazo bila lugha, mwingine lugha bila matangazo. Uganda, ambayo Baraza lake la Mawaziri lilikiidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, ingali na nafasi ya kuamua mapema ni katika vyumba gani lugha hiyo itasikika.

Kwa upande wa Kenya, jambo linalowezekana bila kubadili sheria yoyote ni mahakama kuandaa muhtasari wa Kiswahili na kuutoa saa ileile hukumu inaposomwa, ukiwa umeandikwa na watu waliokabidhiwa istilahi siku chache kabla. Muhtasari huo uhusishe pia majaji wanaopinga. Ninalisema hili kwa sababu ya yaliyotokea jioni ile. Majaji wanne walikuwa wamebatilisha uchaguzi. Wawili, Jackton Ojwang na Njoki Ndung’u, walipinga, na wa saba, Mohammed Ibrahim, hakushiriki kwa sababu ya ugonjwa. Maoni ya waliopinga yalisomwa mwishoni. Adhana ya magharibi ilipolia, Jaji Ndung’u alikuwa bado anasoma. Mwalimu akanyanyuka kwenda msikitini. Mpishi alisubiri kidogo, akatazama midomo ya jaji ikisogea kwenye kioo, kisha akabadilisha kituo.