Maili za ndege: dai kwa mwenye kadi, si kwa mwenye ndege

Wadau wa Dodoma mnaofuata mzigo China, hii inawahusu. Maili ni pointi za msafiri. Zikijaa unapata tiketi. Wengi zinawapotea wakipanda ndege za washirika.

Chukua mfano: Dodoma–Dar umepanda Air Tanzania, halafu Ethiopian hadi Guangzhou kupitia Addis Ababa. Kadi yako ni Miles&Smiles ya Turkish. Turkish wako Star Alliance tangu 2008, Ethiopian tangu Desemba 2011, kwa hiyo maili za Ethiopian zinaingia humo humo. Kipande cha Dodoma hapana, Air Tanzania haimo kwenye muungano huo.

Toa namba ya kadi wakati wa kukata tiketi. Maili zisipoingia, usihangaike na Ethiopian. Dai kwenye tovuti ya Turkish: jaza namba ya tiketi (tarakimu 13, ya Ethiopian inaanza na 071), ambatisha bodingi pasi. Ile karatasi mnayoitupa uwanjani ndiyo ushahidi, jamani! Na muda wa kudai una mwisho.

Kingine ni majina: pasipoti ina matatu, kadi umejiandikisha mawili, mtambo unaweza kugoma. Halafu angalieni herufi ya nauli. Tiketi nyingine za bei chee hazitoi maili hata moja.