Kupamba karamu ya harusi ya vuli ndani ya bohari

JENGO la mabati lililowahi kuhifadhi korosho au magunia ya mbolea si mahali ambapo mzazi wa Kwale angetarajia kumpeleka binti yake siku ya harusi. Hata hivyo, wapo vijana wanaotaka karamu ya kisasa yenye kuta za matofali, vyuma vilivyo wazi na dari ya juu, ambao huulizia bohari la kukodi kabla ya kuulizia ukumbi wa hoteli ya Diani. Ombi hilo halistahili kupuuzwa, ila lina masharti yake.

Mtindo wenyewe ulizaliwa katika miji iliyobaki na viwanda vitupu. Mjini London, kituo cha zamani cha umeme cha Bankside kilifunguliwa mwaka 2000 kikiwa jumba la sanaa la Tate Modern. Hapa Kenya, kituo cha sanaa cha GoDown kilianza mwaka 2003 katika ghala la eneo la viwanda, Nairobi. Pwani kusini nayo inayajua majengo ya aina hiyo: kiwanda cha sukari cha Ramisi, kule Msambweni, kilisimama mwaka 1988, na uchimbaji wa titani wa kampuni ya Base ulikoma mwishoni mwa 2024. Lakini gofu si ukumbi. Linalofaa ni bohari zima, lenye mwenyewe anayejulikana na milango isiyopungua miwili.

Jambo la kwanza kuuliza ni kilichokuwa kikiwekwa humo. Sakafu iliyonywa mafuta au dawa za mimea haifunikwi kwa zulia. Huoshwa kwanza, au jengo likaachwa. Paa la asbesto lililopasuka lisitobolewe kwa ajili ya kuning’iniza taa, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu.

Jambo la pili ni majira. Magazeti ya ng’ambo husifu harusi za wakati wa kupukutika kwa majani, na wafasiri wetu wameyapa majira hayo jina la vuli. Kwa Mdigo wa Ukunda, vuli ni mvua. Kati ya Septemba na Novemba kusi hulegea, joto huanza kupanda, kisha mvua fupi hunyesha hadi Desemba. Chini ya mabati hilo lina maana mbili: mchana jengo huwa tanuri, na mvua ikishuka dua ya shehe au nasaha za mjomba hazisikiki hata kwa kipaza sauti. Aliyekodi bohari bila kulikagua siku ya mvua amenunua mbuzi kwenye gunia. Dua na hotuba zitangulizwe mapema, na mabati yasiyo na dari yapunguziwe kishindo kwa vitambaa vizito vilivyotandazwa chini yake. Vitambaa hivyo pia humeza mwangwi, ambao ndio kero kubwa ya kuta tupu.

Katika mapambo, sioni sababu ya kuagiza maboga na majani bandia mekundu kutoka ng’ambo. Rangi za kahawia, kutu na manjano ziko Kwale. Maganda makavu ya bixa, ambayo Kiswahili huiita mzingefuri, yana wekundu unaopatana na matofali. Yafungwe vizuri, maana mbegu zake ni rangi na kanzu nyeupe haisameheki. Karara la mnazi hukaa mezani kama jahazi dogo na kubeba maua. Vifuu vilivyotobolewa huwa vivuli vya taa, mikeka ya ukindu hutuliza sakafu ya saruji, na leso za jozi moja hupendeza zaidi ya shashi ya kukodi. Nguzo za jukwaa ziwe za mvinje. Mikoko ya Gazi iachwe ilipo: wanakijiji wa huko wanailinda chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ya kaboni.

Harufu nayo ni pambo. Asumini, rihani na mkadi, vilivyozoeleka katika kikuba cha bibi harusi, vikitundikwa mlangoni huondoa kumbukumbu ya mbolea upesi kuliko manukato ya kopo.

Familia ikifanya usiku wa kupamba, ambao ni wa wanawake peke yao, bohari huleta shida ambayo hoteli haina. Matundu ya hewa, nyufa za mabati na milango mipana humwezesha mpita njia kuchungulia. Yote yazibwe kwa kitambaa kinachopitisha hewa, na wapiga picha wawe wanawake. Kulidharau hili ni kuwafukuza nusu ya waalikwa.

Jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo taa zijaribiwe siku iliyotangulia. Jenereta ikae nje, mbali na milango, kwa sababu moshi wake huua bila harufu kali. Mishumaa isiwekwe karibu na makuti wala vitambaa. Wenye hoteli za Diani wanajua jinsi makuti yanavyoteketea. Mlango wa pili usizibwe kwa jukwaa la maharusi, kosa ambalo wapambaji hulirudia kila mara.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 28, 2017, na tangu Juni 5, 2020 sahani, vikombe na mirija ya plastiki ya kutumika mara moja havikubaliwi ufuoni. Msafara utakaoteremka Diani kupiga picha kabla ya karamu uache vitu hivyo nyumbani.