Kibangubangu: lugha inayosikiwa bila kujibiwa

Mwaka 1954, huko Tervuren karibu na Bruxelles, Mbelgiji A. E. Meeussen alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kibangubangu. Lugha ya wazee wetu wa Kabambare iliandikwa na kupangwa vizuri, lakini kitabu chenyewe ni cha Kiholanzi, lugha ambayo sisi hatuisomi.

Kibangubangu ni jamaa ya Kilega na Kizimba. Ni lugha ya toni: sauti ya juu na ya chini ni sehemu ya neno. Kiswahili kilipoteza toni zamani. Kwa hiyo mtu akiandika Kibangubangu kwa herufi za Kiswahili tu, nusu ya neno inabaki mdomoni.

Meeussen huyo huyo, mwaka 1967, alitoa kazi juu ya sarufi ya asili ya lugha zote za Kibantu, na humo ka- na tu- ni ngeli ya 12 na ya 13. Kiswahili cha pwani kiliacha ngeli hizo, kikashika ki- na vi-. Sisi hapa Kasongo tunasema katoto, tutoto, kanyumba, tunyumba. Na sisi walimu, miaka yote, tumekata maneno hayo kwa wino mwekundu, tukaandika juu yake: kitoto, vitoto. Kumbe mtoto hakukosa! Alikuwa anasema Kiswahili chenye sarufi ya lugha za bara.

Kiswahili kilikujaje kushinda? Tippu Tip alifanya Kasongo kuwa makao yake katika miaka ya 1870, na lugha ya soko na ya Waungwana ikawa ya mji. Dhanis aliuteka mji tarehe 22 Aprili 1893. Bendera ilibadilika, lugha haikubadilika: askari, misioni na masomo viliendelea nayo. Halafu vita, tangu 1996, vilitoa watu vijijini, na mkimbizi akifika mjini anatafuta kwanza lugha ya kuombea chumvi. Hatukilaumu Kiswahili, ni chetu pia.

Mwaka 2003 wataalamu wa UNESCO walieleza jinsi ya kupima hatari ya lugha. Hesabu ya wasemaji ni kipimo kimoja; kingine kizito ni kama wazazi wanawapa watoto lugha ile. Darasani tuliwauliza vijana wenye asili ya Kabambare. Jibu lilikuwa karibu moja: “Koko akisema, ninasikia. Lakini kujibu, najibu Kiswahili.”

Kaskazini mwa Ufini, Wasami wa Inari ni mia chache tu, na lugha yao ina umbo la kitenzi kwa watu wawili peke yao, si mmoja wala wengi. Watoto walikuwa karibu kuiacha kabisa. Mwaka 1997 walianzisha shule ya watoto wadogo ambamo walezi wanasema lugha hiyo tu, na vijana wanaoisema wakapatikana tena.

Kwetu, Katiba ya 2006 inaahidi kuendeleza lugha nne za taifa. Zingine ni urithi wa kulindwa. Sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu lugha ya mazingira darasani. Lakini kitabu cha kufundishia kiko wapi? Tunaomba chama chetu kitafute mtu wa kufasiri kile cha 1954 kwa Kiswahili, kisha kisomwe kwa sauti mbele ya wazee wa Kabambare, wasahihishe toni wakingali hai.