Pim wa Vitabu

Ukisimama gatini Mbita asubuhi, jua halijawa kali, utaiona feri ikija kutoka Luanda K'Otieno. Upande ule ni Rarieda, Kaunti ya Siaya. Upande huu ni Homa Bay. Maji yaliyo katikati ni mlango wa Ghuba ya Winam. Kabla ya feri watu walivuka kwa mashua: wavuvi, wachuuzi wa samaki, mabibi harusi walioolewa ng'ambo. Bibi harusi alivuka na hadithi za kwao, na ndiyo maana sigana moja, yaani hadithi ya mapokeo, utaisikia Uyoma upande ule na kuisikia tena Gwassi upande huu, ikiwa imebadilika kidogo tu.

Mwandishi Asenath Bole Odaga alizaliwa upande ule, Rarieda, mwaka 1937. Zama hizo siwindhe ilikuwa bado inakumbukwa vizuri. Hiyo ilikuwa nyumba ya bibi kizee katika boma la Wajaluo, ambamo wasichana walilala na kufundwa. Bibi huyo aliitwa pim. Mara nyingi hakuwa hata wa ukoo wa watoto aliowalea. Umri wa kuzaa ulikuwa umempita, akaletwa awalee wa wengine. Usiku aliwapa mafumbo, nyimbo na sigana, na hadithi ilipokwisha msimulizi alifunga kwa kusema "thu tinda". Maneno hayo mawili Odaga aliyafanya jina la mkusanyo wake wa hadithi wa mwaka 1980, na pia la duka lake la vitabu mjini Kisumu. Mimi kila nikiitazama kazi yake namwona pim, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kulea vitabu ambavyo si vyote alivyovizaa mwenyewe.

Alisoma Ng'iya, kisha Alliance ya wasichana, akawa mwalimu. Alifundisha Maseno na Butere, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akawa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya Nyakach. Mwalimu wa wakati ule alikuwa na shida moja kila asubuhi: vitabu vya hadithi vilivyokuwa kabatini vilisimulia theluji na watoto wa Uingereza. Odaga akaanza kuandika. Mwaka 1966 kilitoka Jande's Ambition, hadithi ya msichana mwenye hamu ya kusoma, na mwaka huohuo Grace Ogot, jirani yake wa Asembo, akatoa The Promised Land. Wanawake wawili wa ukanda mmoja wa ziwa, vitabu vyao vikatoka Nairobi katika mwaka mmoja. Hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini uchapaji kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, haukuanzia Nairobi wala haukuanza na wao. Upande huu wa kusini ulikuwapo mapema zaidi. Wamisionari wa Kiadventista, wakiongozwa na Arthur Carscallen, walifika Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906, na haikupita miaka mingi wakawa na mtambo mdogo wa chapa. Carscallen aliandika sarufi ya Dholuo na kutafsiri Maandiko. Kutoka katika mazingira hayo ya misheni alitokea Paul Mboya, mchungaji aliyekuja kuwa chifu wa Karachuonyo, ambaye mwaka 1938 alitoa Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha mila na desturi za Wajaluo. Kwa hiyo Odaga alipoanza kazi, lugha yake ilikuwa na umri wa kutosha kwenye karatasi. Ilichokosa ni mahali pa kudumu pa kuchapishiwa vitabu vya watu wa kawaida, hasa wanawake na watoto. Shirika la vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948 na kuchapisha kwa lugha nyingi za kienyeji, liliporomoka pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977.

Odaga alirudi darasani akiwa mtu mzima. Alipata shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1974, ya pili mwaka 1981, na katikati ya hapo alikuwa mtafiti katika Taasisi ya Taaluma za Kiafrika. Aliingia Nairobi katika wakati mzuri. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walikuwa wamedai fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo, na fasihi simulizi nayo ipewe heshima yake. Mwaka 1982 Odaga, pamoja na Kichamu Akivaga, alitoa kitabu cha fasihi simulizi kwa shule za sekondari. Kilichokuwa kikisemwa gizani katika siwindhe kikawa swali la mtihani.

Mwaka huohuo alifanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: alianzisha Lake Publishers, Kisumu. Hakubaki Nairobi, kwenye mashirika, mitambo na pesa. Mwandishi wa Mbita au Homa Bay aliyekuwa na mswada wa Dholuo sasa angeweza kuupeleka kwa mtu anayeisoma lugha hiyo kama yake mwenyewe.

Kazi hiyo yataka sikio. Dholuo ina irabu tisa, lakini huandikwa kwa herufi tano zilezile za a, e, i, o, u, na kidatu cha sauti hakiandikwi. Chukua neno kech. Likitamkwa hivi ni njaa, likitamkwa vile ni uchungu wa dawa ulimini. Msimulizi haoni tatizo, kwa kuwa koo lake linamalizia kazi. Mwandishi akiiweka sentensi vibaya, msomaji wa mjini hatajua kama mtoto wa hadithini ana njaa au ameonja kitu kichungu. Mhariri ndiye anayeisoma sentensi kwa sauti, anasikia panapokwama, analiongeza neno moja mbele au nyuma ili maana isimame. Fanya hivyo ukurasa baada ya ukurasa, kisha urudie kwenye prufu, maana mtambo nao una makosa yake.

Kisha kuna swali la hadithi ipi ichapishwe. Katika vitabu vya Odaga kimo kile cha Nyamgondho mwana wa Ombare, na Nyamgondho ni mtu wa huku, wa ufuko wa Gwassi. Alikuwa maskini, akatega samaki, akavuta kikongwe kutoka majini. Akampeleka nyumbani, na tangu siku hiyo ng'ombe wakajaa bomani. Akaoa wake wengine, akalewa, na usiku mmoja akamtukana yule kikongwe kwa alikotoka. Kikongwe akaondoka kurudi ziwani, na mifugo yote ikamfuata majini. Nyamgondho akabaki ufukoni ameegemea fimbo yake mpaka akageuka mti. Wasimulizi wengine wanasema kikongwe alikuwa na jicho moja, wengine hawalitaji kabisa. Kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo ya kweli. Anayechapa hana budi kuchagua, na akichagua anajua kuna bibi fulani wa Nyandiwa, hukohuko Gwassi, atakayetikisa kichwa.

Hali ni hiyo pia kwa Simbi Nyaima, ziwa dogo la duara karibu na Kendu Bay, ambapo inasemwa kijiji kilizama baada ya kumnyima bibi mgeni chakula na malazi. Odaga alikitungia kisa hicho mchezo wa kuigiza kwa Dholuo. Grace Ogot naye ana kitabu chenye jina hilohilo. Hadithi ilitosha kwa wote wawili.

Nje ya ofisi yake alikuwa mtu wa vyama. Kwa miaka mingi alikuwa katibu wa Chama cha Waandishi wa Kenya, na aliongoza kikundi cha fasihi cha wanawake wa Kenya, akiwahimiza wanawake kuandika na kumaliza walichoanza. Mwanamke anayeandika baada ya kulaza watoto anahitaji kuambiwa kwamba mswada wake una msomaji, na Odaga alilijua hilo kwa kuwa aliandika akiwa mama na mfanyakazi. Yeye mwenyewe hakuacha kalamu: riwaya kama The Shade Changes na Between the Years, vitabu vingi vya watoto, na misemo ya Wajaluo aliyoikusanya.

Alifariki Desemba 2014. Mwaka 2005, akikaribia miaka 70, alikuwa ametoa kamusi ya Dholuo na Kiingereza. Kazi ya namna hiyo mtu huifanya herufi kwa herufi, na akifika kwenye K lazima asimame, aandike kech, aipe maana ya njaa, kisha aiandike tena chini yake na kuipa maana ya uchungu.