Newton, Galileo na treni ya Dodoma

Mwulize yeyote aliyesoma Fizikia hadi kidato cha nne akutajie kanuni tatu za mwendo za Newton. Wengi watakutajia bila kumeza mate. Sasa mwulize zina kazi gani nje ya chumba cha mtihani. Hapo ndipo utakaposikia kimya. Sisi tulikariri, tukapata alama zetu, tukasahau.

Leo naomba tuiangalie historia ya kanuni hizi, maana zinahusu uhai wetu kuliko tunavyodhani.

Tuanze mbali. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Aristotle wa Ugiriki alifundisha kwamba kitu hakiendi mpaka kiwepo cha kukisukuma, na kinachosukuma kikiacha, kitu nacho husimama. Ukiangalia mkokoteni wa maji utasema mzee yule kasema kweli. Mwenye mkokoteni akichoka, mkokoteni unasimama. Dunia ikaliamini jambo hilo kwa karne nyingi.

Lakini wapo waliotilia shaka. Mmoja wao ni Ibn Sina (980–1037), yule tabibu mashuhuri wa Asia ya Kati. Aliona kwamba kitu kilichokwisha kupewa mwendo hakiupotezi chenyewe, hupotea kwa sababu kuna kinachokizuia. Baadaye Galileo wa Italia akaviringisha vigololi kwenye mbao zilizoinamishwa, akapima umbali na muda. Kitabu chake cha mwaka 1638 kilieleza kwamba kitu kinachoteremka huongeza kasi kwa mpangilio maalumu, na kwamba uzito haubadilishi mpangilio huo pale ambapo hakuna cha kukizuia.

Mwaka 1687 Isaac Newton wa Uingereza akayakusanya yote katika kitabu chake maarufu, Principia. Kwanza, kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwenda vilevile kwa mstari ulionyooka, mpaka kani ikibadilishe. Pili, kani kubwa hubadilisha mwendo haraka zaidi, na kitu kizito huhitaji kani kubwa zaidi. Tatu, ukikisukuma kitu, nacho kinakusukuma kwa kani ileile.

Mkokoteni, kumbe, husimama kwa sababu msuguano unausimamisha. Kuchoka kwa mwenyewe ni jambo jingine kabisa. Na daladala ikifunga breki ghafla, hakuna mtu anayekusukuma mbele. Wewe ulikuwa unakwenda na gari, gari limesimama, mwili wako bado unaendelea na safari!

Sasa tuje nyumbani. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyobeba watu zaidi ya 1,200 ilikuwa inapanda kilima mkoani Dodoma, maeneo ya Igandu na Msagali. Breki zikawa na hitilafu. Treni ikaanza kurudi nyuma, ikaongeza kasi, ikateremka kilomita nyingi hadi ilipogongana na treni ya mizigo kwenye reli hiyohiyo. Watu 281 wakapoteza maisha.

Hebu tupige hesabu ya Galileo. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, Dodoma iko juu zaidi ya mita 1,100. Reli ile ni safari ya kupanda. Chukua kitu chochote, kiteremshe mita 20 tu za wima bila breki wala msuguano: kitafika chini na kasi ya kilomita 72 kwa saa. Mita 20 ni kama ghorofa ya sita hivi. Msuguano hupunguza kasi hiyo, lakini gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo sana. Ndiyo maana treni inaweza kuvuta mzigo mkubwa, na ndiyo maana bila breki ni hatari kubwa.

Sasa kanuni ya pili. Mtu wa kilo 60 anayekwenda kwa kasi hiyo akisimamishwa katika sehemu ya kumi ya sekunde, anapokea kani inayolingana na uzito wa zaidi ya tani moja. Mwili gani utahimili?

Wenzetu walilitafakari hili mapema. George Westinghouse wa Marekani alipata hataza ya breki ya upepo mwaka 1869, kisha akaiboresha ili bomba likikatika, breki zijifunge zenyewe. Mwaka 1959 Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo huko Uswidi, akaleta mkanda wa gari unaoshika bega na kiuno. Wote wawili walianzia kwenye ukweli mmoja: kinachokwenda hakisimami kwa kuombwa.

Sisi ajali ikitokea tunasema ni mipango ya Mungu, tunazika, tunasonga mbele. Mimi sibishani na imani ya mtu. Lakini mteremko wa Igandu ulikuwapo tangu Wajerumani walipopitisha reli ile kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kanuni zake zilikwisha kuandikwa tangu 1687. Breki inakaguliwa na binadamu. Mkanda unafungwa na binadamu. Abiria anazidishwa na binadamu mwenye jina na mshahara.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda Dodoma kwenye reli mpya iliyojengwa kwa kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa. Ni jambo la kujivunia. Ila kasi ikiwa mara mbili, nishati ambayo breki lazima iimalize inakuwa mara nne. Mwalimu wa Fizikia anayesoma hapa, siku ukifundisha somo hili, waambie watoto habari za wale 281. Pengine fundi breki wa kesho yumo humo darasani.