Njia ya Shule katika Kaptagat

Wageni wengi wanaofika Kaptagat huja kwa ajili ya wakimbiaji. Eliud Kipchoge, ambaye amefanya mazoezi yake katika kambi iliyo kwetu, alimaliza mwendo wa maratoni huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Tangu siku ile, kila mgeni mwenye daftari hutuuliza swali moja: je, mlikuwa mkikimbia kwenda shule? Nasi hujibu kwamba naam, tulikimbia. Lakini swali hilo lina nduguye ambaye bado hatujamsikia akiulizwa: kwa nini shule ilikuwa mbali?

Jibu lake halimo miguuni, bali katika historia ya nchi hii. Mwaka wa 1908 msafara wa Makaburu ulioongozwa na Jansen van Rensburg ulifika uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Nchi ikakatwa mashamba, na mashamba yakapewa namba. Ndiyo maana mji wa Eldoret, uliopata jina hilo mwaka wa 1912, wazee wetu waliendelea kuuita Sisibo, kwa kuwa ulijengwa penye shamba namba 64. Wafugaji wa huku juu walisukumwa kuelekea ukingo wa bonde la Kerio. Aliyebaki, alibaki kama skwota. Sheria ya mwaka wa 1918 ilimtaka amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na ile ya 1937 ikaziruhusu halmashauri za walowezi kuziongeza hata kufikia 270. Mambo ya kumsomesha mtoto wake hayakuwamo katika hesabu hizo. Palikuwa na wenye mashamba waliokubali pajengwe kibanda cha kusomea, na wengine waliona mtoto anafaa zaidi kuchuma pareto.

Mwaka wa 1942 serikali iliamuru kwamba kila mtoto wa Kizungu nchini lazima asome. Watoto wale walikuwa na mabweni, tena na treni maalumu za kuwapeleka na kuwarudisha wakati wa likizo. Mtoto wa skwota hakuamriwa asome wala hakukatazwa. Aliachiwa njia tu. Shule ya Serikali ya Waafrika ilikuwa Tambach, chini ya ukingo, katika eneo walilotengewa Wakeiyo. Na kutoka Kaptagat huo ni mwendo wa kutwa kwa mtu mzima. Tena baada ya ripoti ya Beecher ya 1949 mtihani uliwekwa mwishoni mwa mwaka wa nne, na wengi walikomea hapo hata kama miguu ilikuwa bado na nguvu.

Kizuizi cha rangi katika ardhi ya nyanda za juu kiliondolewa mwaka wa 1960, na baada ya Uhuru wazazi wakaanza kujenga shule kwa harambee. Kuta zilikuwa za mabanzi, kwa sababu viwanda vya kupasulia mbao vilikuwa karibu na mabanzi yalipatikana kwa bei ndogo. Shule hizo zilikaribia nyumbani kuliko Tambach. Hata hivyo hazikuwa mlangoni.

Sisi tulioanza darasa la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa na maili mbili. Katika Januari, nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, nasi tulikuwa pekupeku. Tulijua mahali ng'ombe walipolala. Tulimwinua mmoja, tukasimama penye joto lake hata nyayo zikapata uhai, kisha tukakimbilia kwa ng'ombe wa pili. Kila mtu alichukua kuni moja ya jiko la shule, na siku ya Ijumaa samadi mbichi ya kusiriba sakafu. Saa ya chakula tulirudi nyumbani na kwenda tena, basi safari zilikuwa nne, yaani maili nane kwa siku. Kengele ilikuwa rimu ya gurudumu la lori. Ikilia nasi tungali msituni, hapakuwa na haja ya kocha. Serikali ilipiga marufuku viboko mashuleni mwaka wa 2001, lakini habari hiyo ilichelewa kufika kwetu kuliko sisi tulivyowahi kuchelewa.

Januari 2003 ada za shule za msingi zikafutwa, na nchini kote wanafunzi wakaongezeka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Katika njia yetu walirudi vijana wenye ndevu. Mwaka uliofuata, Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, amevaa kaptura na soksi ndefu. Watu walicheka, na magazeti yakamwandika kama ajabu. Kwa maoni yetu hakuwa ajabu hata kidogo. Alikuwa amekawia njiani tu.

Wataalamu waliowachunguza wakimbiaji wetu wameandika kwamba wengi wao walikwenda shule kwa kukimbia. Hatubishani nao. Lakini tunawakumbuka pia waliokoma. Mvua za huku huanza Machi au Aprili na kuendelea hata Septemba, na vijito vinavyoshuka kwenda mto Sosiani hujaa. Wadogo walizuiwa nyumbani majuma mazima, na waliporudi walikuta hesabu imewapita. Msichana mmoja aliyetushinda sote kwa hesabu aliondolewa darasa la tano, maana njia ilipita katikati ya mitarakwa na mama yake hakuwa na mtu wa kumsindikiza. Wala hatukuwahi kumwona mgeni mwenye daftari akipita kwake. Tulikuwa tisa tuliovuka kijito pamoja kila asubuhi. Watatu tulifika sekondari, na hakuna hata mmoja wa tisa wale aliyekuwa mkimbiaji.

Siku hizi mzazi mwenye fedha huwapakia watoto watatu au wanne juu ya bodaboda moja. Wengine hupita njia ileile, ila imekuwa ndefu zaidi, kwa kuwa mashamba makubwa yamegawanywa na kila kipande kimewekewa ua, nao huzunguka. Penye kijito palikuwa na magogo matatu ya kuvukia. Moja limechukuliwa na maji. Katika ukurasa wa hesabu unaofuata wanachama wataliona fungu la daraja. Halijafika nusu.